Mlango Uliobonyea Kabla ya Ajali

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 21:18, 19, 33-36, Kutoka 22:10-15, Walawi 6:1-7, Hesabu 5:5-8.

Miaka michache iliyopita, jioni moja ya mvua, nilikuwa narudi Morogoro mjini kutoka kukagua shule zetu. Nilipokaribia Msamvu, daladala iliyokuwa mbele yangu ilisimama ghafla kushusha abiria. Nikakwepa kushoto ili nisiigonge, nikaivaa bajaji iliyokuwa ikipita pembeni kwa utaratibu wake. Kosa lilikuwa langu, wala askari wa usalama barabarani hakuhitaji muda mrefu kuliona. Gari langu liliharibika upande wa mbele kushoto: bampa, taa, madigadi, na boneti iliyokunjamana kama karatasi. Bajaji ililala ubavu. Dereva wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, alichubuka goti na kiwiko, akasimama mwenyewe.

Nilikuwa na bima kubwa. Ndugu wengi wanajua tofauti, lakini tuikumbuke kwa ajili ya darasa. Bima ndogo ndiyo ile ambayo sheria inamdai kila mwenye chombo cha moto barabarani; inamlinda yule uliyemuumiza, haitengenezi gari lako. Bima kubwa inamlinda huyo mwingine na inatengeneza gari lako pia, baada ya wewe mwenyewe kuchangia kiasi mlichokubaliana katika mkataba. Kwa hiyo siku ile nilikuwa na haki ya kutengenezewa, na yule kijana alikuwa na haki ya kulipwa kupitia bima yangu. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Kesho yake gari likapelekwa gereji. Fundi, mtu mchangamfu anayenifahamu kama mwalimu, alilizunguka akiandika. Alipofika mlango wa nyuma wa kulia akasimama. Mlango ule ulikuwa umebonyea tangu mwaka uliotangulia, niliporudi nyuma vibaya nikagonga nguzo ya geti la kanisa. Haukuhusiana hata kidogo na Msamvu.

“Mwalimu,” akasema kwa sauti ya chini, “na huu tuuingize. Kunyoosha, puti na rangi, laki mbili na arobaini. Bima inalipa, wewe hutoi kitu.”

Hapa ndipo lilipo swali la juma hili. Wengi wetu hatutachoma gari makusudi ili tulipwe, wala hatutaandika ajali ambayo haikutokea. Tunajua huo ni wizi. Kwa mtu mwaminifu jaribu huja kwa sura ya mlango wa nyuma: gari lipo gereji tayari, fundi amesimama na kalamu mkononi, mkadiria hasara anakuja kesho, na kampuni ina fedha kuliko wewe. Nani ataumia?

Soma Kutoka 22:10-13. Mtu aliyekabidhiwa mnyama wa jirani yake anatakiwa kufanya nini mnyama huyo akiraruliwa?

Anatakiwa kuleta kile kilichobaki kiwe ushahidi. Sheria ile haikutegemea maneno peke yake. Iliutaka mzoga uonekane. Mkadiria hasara anayekuja na simu yake kupiga picha za bampa yako yuko katika mstari huohuo wa kale. Lakini tazama kwamba pale ambapo hapakuwa na ushahidi wa macho, sheria iliwaachia watu wawili wale kiapo mbele za Bwana, na mwenye mali alipaswa kukikubali. Maana yake mfumo wote ulisimama juu ya neno la mtu mmoja aliyejua kilichotokea.

Bima nayo imesimama hapo. Mwaka 1766 jaji wa Uingereza, Lord Mansfield, aliamua kesi ya bima ya ngome moja iliyokuwa Sumatra, na katika uamuzi ule akaweka wazi kwamba mkataba wa bima ni mkataba wa nia njema, kwa sababu mambo muhimu mara nyingi yanajulikana na upande mmoja tu. Nchi zilizopokea sheria ya Kiingereza, yetu ikiwamo, bado zinaifuata kanuni hiyo. Mkadiria hakuwepo getini siku niliyogonga nguzo. Nilikuwepo mimi.

Kuna kanuni ya pili, nayo ndiyo inayotusaidia kuujua mpaka. Bima ya mali hukurudisha mahali ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali. Haikupandishi juu ya hapo. Mwaka 1883, katika kesi iitwayo Castellain v Preston, mahakama ya rufani ya Uingereza ilikutana na mtu aliyekuwa ameuza nyumba yake, lakini kabla ya mauzo kukamilika moto ukaiharibu. Alilipwa na bima, kisha mnunuzi naye akamlipa bei yote. Mahakama ikasema fedha ya bima irudi, maana hasara ilikuwa imekwisha kuzibwa.

Sasa soma Kutoka 21:33-36, uone jinsi Musa alivyolifahamu jambo hili kabla ya kuwako kampuni yoyote. Mtu ameacha shimo wazi, ng’ombe wa jirani akatumbukia akafa. Mwenye shimo analipa thamani ya ng’ombe, na mzoga unakuwa wake. Kwa nini mzoga usibaki kwa aliyepoteza ng’ombe? Kwa sababu angekuwa na fedha kamili na nyama juu yake, na msiba ungegeuka faida. Ndivyo ilivyo hata leo: kampuni ikilipa thamani yote ya gari lililokwisha kabisa, mabaki ya gari ni ya kampuni, au thamani yake inakatwa ukitaka kubaki nayo. Ndugu wakinilalamikia kwamba “wamelipa halafu wamechukua na gari,” huwa nawafungulia mlango huu wa Kutoka. Na ng’ombe wawili wakipigana, mmoja akafa, wenyewe wanauza aliye hai na kugawana fedha, wanagawana na aliyekufa. Hakuna anayerudi nyumbani akiwa tajiri kuliko alivyotoka.

Je, fedha ya bima ni ya nani?

Tunaposema “bima inalipa” tunasema kana kwamba fedha ile imeota. Fikiri mfuko wa msiba wa kanisa lako. Kila familia inatoa kidogo kila mwezi, na yule anayefiwa anapewa kiasi kilichokubaliwa. Mtu akija kusema amefiwa na shangazi aliyekwisha kuzikwa mwaka juzi, tutamwonea haya hata kumtazama, kwa sababu tunawajua kwa sura waliotoa: mama anayeuza vitumbua, mzee wa pensheni, kijana wa saluni. Bima ni mfuko wa namna hiyo uliokua mpaka hatuonani tena. Mwalimu wa Songea na mwenye pikapu wa Geita wamechangia laki mbili na arobaini za mlango wangu, na mwakani watachangia zaidi kwa sababu kampuni itaongeza ada ili kufidia milango ya watu kama mimi.

Kuna ndugu hapa atasema: hao wa bima nao wanatuonea. Wanachelewesha madai, wanapunguza bila kueleza, wanamzungusha mjane mpaka anachoka. Sitalipinga hilo; nimeliona. Lakini mtu akikupunja, dawa yake si kumpunja wa nyuma yako kwenye foleni. Tunayo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili ya mwananchi asiyeridhika na kampuni. Barua moja yenye tarehe, namba ya mkataba na nakala za ripoti ya polisi ina nguvu kuliko ankara iliyotiwa chumvi. Tena aliyetia chumvi hawezi kwenda kulalamika popote. Akihojiwa tu, na sehemu ya kweli ya madai yake inaweza kupotea.

Wengine watalipeleka upande mwingine kabisa, kwamba Mwadventista hana haja ya bima. Wanataja ushauri wa Ellen White katika juzuu ya kwanza ya Shuhuda. Ni kweli aliandika hapo, lakini aliandika kuhusu bima ya maisha. Sidhani tunayo haki ya kuunyoosha ushauri ule mpaka ufunike gari ambalo linaweza kumvunja mguu mtu mwingine. Bima inayomlipa uliyemgonga ni deni la upendo kwa jirani, na katika nchi yetu ni sheria.

Mzee mmoja wa kanisa aliniletea swali gumu kuliko la mlango. Gari lake liligongwa, mkadiria akaweka hasara shilingi milioni tatu na laki mbili, kampuni ikamwambia wazi kwamba itampa fedha mkononi badala ya kupeleka gari gereji. Akaenda kwa fundi wa mtaani, akatengeneza kwa milioni mbili na laki moja, madigadi ikiwa ya mtumba na rangi isiyolingana sana. Ilibaki milioni moja na laki moja. Je, airudishe?

Nilimuuliza maswali matatu. Makadirio yalikuwa ya kweli? Alisema ndiyo, hakusema neno na mkadiria. Kampuni ilijua kwamba inalipa fedha na kwamba yeye ataamua mwenyewe? Ndiyo. Gari ni lake, halina mkopo wa benki wala wa SACCOS juu yake? Ni lake. Nikamwambia fedha ile ni yake. Alipoteza kitu chenye thamani ya milioni tatu na laki mbili; amechagua kuishi na madigadi ya mtumba na rangi ya viraka, na pengo hilo atalibeba yeye siku ya kuuza gari. Lakini asije akaidai madigadi hiyo mara ya pili ajali nyingine ikitokea, na mnunuzi aambiwe ukweli. Kama makadirio yangepandishwa kwa makubaliano ya chini kwa chini na gereji, halafu wakagawana, jibu langu lingekuwa tofauti kabisa, ingawa mabaki yangekuwa ni milioni moja na laki moja ileile. Najua wapo wachungaji wasiokubaliana nami hapa, wanaosema kila shilingi isiyotumika kwenye gari irudi. Darasa lijadili.

Turudi gereji. Nilimwambia fundi mlango ule tusiuingize. Mkadiria alipokuja alilizunguka gari, akagusa mlango, akauliza, “Na huu je?” Nikajibu, “Huo ni wa geti la kanisa, mwaka jana.” Akacheka, akaendelea na boneti. Mlango ukabaki umebonyea.

Habari hiyo nimeisimulia katika makanisa matatu, na mara moja kwenye semina ya uwakili, na kila mara watu walisema amina. Nilikuwa nimeshaiandika kwa ajili ya lesoni hii, na ingeishia hapo, kama nisingesoma Kutoka 21 tangu juu ili kupata mwanzo mzuri. Nikafika aya ya 18 na 19.

Soma aya hizo. Yule aliyemwumiza mwenzake anatakiwa kulipa kitu gani zaidi ya matibabu?

Anatakiwa kulipia muda. Siku ambazo mwenzake alilala bila kufanya kazi zinahesabiwa, na aliyemwumiza anazilipa. Niliisoma aya hiyo mara mbili, nikafunga Biblia.

Kwa maana sijawaambia kilichotokea barabarani. Tulipokuwa tunamsubiri askari, yule kijana aliniamkia, “Shikamoo mzee,” huku damu inamtoka gotini, akaniuliza itakuwaje kuhusu bajaji. Haikuwa yake. Alikuwa analeta hesabu kwa mwenye bajaji kila jioni, na kinachozidi ndicho chakula chake. Mimi nilikuwa na ratiba ya shule tano juma lile, na nilijua kwamba madai yake yakiunganishwa na yangu, faili litakuwa refu: picha za bajaji, mwenye bajaji kuitwa, barua. Nikamwambia, “Mwanangu, tumalizane hapa hapa.” Nikampa elfu themanini, zote nilizokuwa nazo mfukoni. Tukaandikiana karatasi kwamba hana dai tena. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Nami niliondoka nikijiona mtu mwema, kwa kuwa wengine wangemtukana.

Askari aliandika kwamba tumepatana. Kampuni haikumjua kijana yule kamwe. Na ukiusoma mkataba wangu, kama ilivyo mikataba mingi ya bima ya magari, unanikataza kupatana na mtu wa tatu bila kampuni kuridhia. Nilivunja hata hilo, na hakuna aliyeniuliza.

Fikiri basi nilichofanya. Kampuni ilikuwa na wajibu wa kumlipa kijana. Nilikuwa nimekwisha kulipa ada kwa ajili hiyo hasa. Kumtendea haki kusingenigharimu shilingi, bali siku chache za kungoja. Nikailinda fedha ya kampuni kwenye mlango wa nyuma, mbele ya mtu mwenye kalamu, na wakati huohuo nikamnyima maskini iliyo yake kando ya barabara ambapo hapakuwa na kalamu. Karatasi niliyomsainisha ilikuwa halali machoni pa watu. Lakini Mithali 20:14 inamweleza vizuri mtu anayelaumu bidhaa mpaka apunguziwe bei, kisha akaenda zake akijisifu. Niliijua aya hiyo tangu chuoni na sikuwahi kujiona ndani yake. Na Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka kibarua alipwe kabla jua halijachwa, kwa sababu ndicho anachokitegemea. Kijana yule alitegemea jioni ileile.

Miezi kama minne ilikuwa imepita nilipokwenda kituo cha bajaji pale Msamvu. Mwenyekiti wa kituo alikumbuka ajali. Akaniambia bajaji ilikaa kwa fundi siku tisa. Matengenezo yalikuwa elfu tisini na tano. Hesabu ya siku moja elfu ishirini, na mwenye bajaji hakusamehe hata siku moja. Ukijumlisha, ni laki mbili na elfu sabini na tano. Ukitoa elfu themanini zangu, kijana alibaki na deni la laki moja na elfu tisini na tano. Alijaribu kulilipa kidogo kidogo. Baadaye bajaji akapewa dereva mwingine.

“Yuko wapi sasa?” nikauliza.

“Wanasema ameenda kwao, mzee. Wengine wanasema Ifakara, wengine Mlimba. Namba yake haipatikani.”

Soma Walawi 6:1-7. Anayerudisha kilicho cha mwenzake anatakiwa kurudisha kiasi gani, na lini? Linganisha na Zakayo katika Luka 19:8.

Walawi inadai kilichochukuliwa pamoja na sehemu ya tano yake, na kinapelekwa kwa mwenyewe siku ileile mtu anapoleta sadaka yake. Sehemu ya tano ya laki moja na tisini na tano ni elfu thelathini na tisa. Jumla ni laki mbili na elfu thelathini na nne. Nilizitoa benki, nikaziweka kwenye bahasha. Sijui kama siku za kijana zinapimika kwa hesabu hiyo, maana kupoteza bajaji si kupoteza siku tisa tu. Lakini mahali fulani ilibidi nianze.

Mwenzangu mmoja ofisini alinionyesha Hesabu 5:8. Pale mtu aliyekosewa hayupo na hana ndugu wa kupokea malipo, malipo huwa ya Bwana, yanakwenda kwa kuhani. “Weka sadakani,” akaniambia, “utapumzika.” Hoja yake ina msingi katika Maandiko, na ninaiheshimu. Ila sina hakika kwamba inanifaa mimi. Aya ile inazungumzia mtu asiye na jamaa, na kijana huyu ana kwao. Sijafika huko tu. Sadaka ingekuwa rahisi kwangu, ningepewa na risiti. Mathayo 5:23, 24 inaiacha sadaka pale madhabahuni na kumtuma mtu barabarani kwanza.

Jadilini darasani: mngemshauri nini mtu aliye na bahasha kama hii? Angoje kwa muda gani? Na kama kuna mtu darasani aliyewahi “kumalizana hapa hapa” na dereva wa bodaboda, mama wa genge, au mtoto wa shule, aliwahi kuuliza zilipita siku ngapi kabla mtu huyo hajarudi kazini?

Mwenyekiti wa kituo ana namba yangu. Kila nikipita Msamvu nasimama namsalimia, naye ananijibu kabla sijauliza, “Bado, mzee.” Mara ya mwisho aliniambia kuna dereva mpya anayetoka Mlimba, atamuulizia kwao akienda mwezi ujao. Mlango wa nyuma wa gari bado umebonyea. Bahasha iko kwenye droo ya ofisini, chini ya Biblia, na kwa nje nimeandika jina la kijana na elfu themanini alizokwisha kupokea, ili hata nikifa, watakaoifungua wajue ni ya nani.